Baiskeli Kwenye Buti

Kila Jumamosi dalali alituonyesha vigae.
Alivigonga kwa kisigino, ko, ko,
akafungua bomba, akafunga bomba,
akatamka "jiko la wazi"
kwa sauti ya mtu anayekusifia binti yake.
Mimi nikaitikia kwa kichwa,
kisha nikashuka ngazi, nikafungua buti,
nikaitoa baiskeli ya Nzilani
na kuisimamisha barabarani.

Hiyo ndiyo futi kamba yangu.
Musembi alishika karatasi za benki:
miaka kumi na minane,
riba ya kupanda na kushuka kama homa ya usiku.
Mimi nilishika kiti cha baiskeli
hadi magurudumu yakakaa sawa,
nikaachia.

Wifi yangu alicheka hadi akakohoa.
"Wenzenu hununua nyumba, ninyi mnanunua barabara?"

Kilimani hakupata hata pa kuanzia.
Ghorofa kumi na nne, lifti mbili,
na chini, magari yamelala ubavu kwa ubavu.
Aliizunguka nguzo moja mara tatu,
akasema, "Mama, imeisha."

Karen tulikwenda kwa udadisi tu, tumevaa za kanisani.
Barabara safi, miti imeshikana mikono juu,
waya wa umeme unanong'ona juu ya ua.
Alikwenda mbali, mbali mno,
akawa mdogo kama kifungo kilichodondoka,
na hakuna aliyemwona ila mbwa,
nao walikuwa nyuma ya chuma.
Nilimwita. Sauti yangu ikanirudia peke yake.

Utawala, jirani wa kulia alikuwa baa,
jirani wa kushoto kanisa la mikesha,
wamegeuziana spika,
na ndege juu yetu ikishusha magurudumu
kana kwamba nayo inatafuta kiwanja.

Ruai ilinitia tamaa. Sikatai.
Nyumba nyeupe, mparachichi, bei iliyotusalimia kwa majina.
Lakini ukutani palikuwa na mstari wa kahawia
uliokoma kwenye goti langu.
Nikamwuliza mlinzi, "Hii ni rangi gani?"
"Hiyo, mama," akasema, "ni ya Aprili."

Tulipofika Donholm nilikuwa nimechoka kuuliza:
maji huja siku gani, taka huchukuliwa na nani,
shule ina watoto wangapi kwa dawati moja.
Nyumba ya pembeni, ya zamani,
dari ina doa lenye umbo la sikio.
Vigae, Mungu anisamehe, vya rangi ya ini.
Dalali hata hakuvigonga.

Nzilani akapanda. Nikaachia.
Akapita kibanda cha sukumawiki,
akapita vijana wanaoosha gari bila haraka,
akapita lango lililofungwa kwa kitambaa,
akakata kona.

Hapo ndipo sikumwona tena.
Nikahesabu. Kumi. Ishirini.
Musembi akaacha kukunja karatasi.

Ndipo ng'ambo ya ua wa michongoma
sauti ya mwanamke nisiyemjua ikapasuka:
"Wewe! Wa nani wewe? Shika breki,
huoni kuna mtoto anatambaa hapa?
Na hiyo kamba ya kiatu itakuangusha, njoo!"

Kimya.
Kimya kirefu kidogo.

Akarudi akikanyaga polepole,
amenuna, midomo mbele,
uso wa mtoto aliyekaripiwa na mtu wa kwao.

"Vigae vinabadilishika," dalali akaanza,
"na lile doa, fundi wangu..."

Musembi alinitazama, akingoja neno.
Nami nilikuwa nimeinama, natazama kiatu:
kamba imekazwa mafundo mawili,
masikio yake mafupi, sawasawa,
na si fundo langu.